Barua za Kiwanjani: "LeBron namjua, hao wenzake ndo kina nani?"

Toleo lililopita nilitupia kamstari kamoja tu, kwamba dokumentari inayoitwa More Than a Game ndo filamu ya basketi ninayoirudia kila mwaka na kipande chake bora ni walipofungwa, basi toka siku hiyo simu haijapumzika. Meseji zimekuja, voisi noti zimekuja, kuna mmoja katuma voisi noti ya dakika sita, jamani dakika sita si swali hiyo ni hotuba. Nimechagua chache, salamu nyingi nimezikata ila nimezipokea zote, na majina nimeyaacha pembeni kama kawaida yetu.

Anko shikamoo. Mi mwanao wa hapa Mbagala. Hiyo dokumentari nimeiulizia kwa jamaa anayenijaziaga muvi kwenye flashi, akasema ipo, nafika nyumbani nafungua nakuta muvi ya mbwa anacheza basketi. Hebu nieleze we mwenyewe inahusu nini, maana LeBron namjua, hao wenzake ndo kina nani? (Msomaji wa Mbagala)

Marahaba mwanangu, na pole ya mbwa. Iko hivi. Kuna mji unaitwa Akron, jimbo la Ohio, Marekani, jirani na Cleveland. Miaka ya tisini kulikuwa na watoto pale wanacheza timu ya mtaani inaitwa Shooting Stars, mazoezi wanafanyia kwenye ukumbi wa Jeshi la Wokovu, ukumbi wenyewe mdogo kuliko kiwanja cha kawaida, na chini hakuna mbao, kuna ile sakafu ya kutandika kama ya jikoni, ukidondoka goti linakukumbusha wiki nzima. Wanne kati yao wakawa hawaachani. LeBron James, huyo unayemjua, nyota wa NBA, ligi kuu ya basketi ya Marekani. Dru Joyce wa tatu, walimwita Little Dru maana alikuwa kafupi kweli kweli. Sian Cotton, bonge la mtu. Na Willie McGee, huyu alitolewa Chicago akaletwa Akron kulelewa na kaka yake kwa sababu kule nyumbani madawa ya kulevya yalishaharibu kila kitu. Sekondari akaongezeka wa tano, Romeo Travis, ambaye mwanzoni hawakumpenda na yeye hakuwapenda.

Kocha wao ni baba yake Little Dru. Na huyu mzee nataka umwangalie vizuri ukija kuiona, maana yeye ni mtu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, basketi kaja kujifunza ukubwani kwa sababu tu mwanae kaipenda. Kanunua vitabu, kaenda kwenye semina za makocha, kaandika notsi kama mwanafunzi.

Aliyeshika kamera anaitwa Kristopher Belman, naye kijana wa Akron huko huko, alikuwa anasoma mambo ya filamu chuo cha Loyola Marymount kule Los Angeles, wakapewa kazi ya darasani, dokumentari ya dakika kumi. Akarudi kwao akamwomba Kocha Dru amruhusu aingie mazoezini, mzee akamruhusu. Kazi ya dakika kumi ikamla miaka, filamu ikaja kuoneshwa mara ya kwanza tamasha la Toronto mwaka 2008, na majumba ya sinema ya Marekani ikaingia Oktoba 2009. Ndo maana ndani utaona vitu ambavyo televisheni kubwa hawakuwa navyo, watoto wanataniana kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, mkanda wa video wa nyumbani unatikisika, mtu anacheka nyuma ya kamera.

Sasa kosa wanalofanya wengi ni kukaa wanamsubiri LeBron. Yupo, na habari yake inauma, mama yake Gloria kamzaa akiwa na miaka 16, wamehama nyumba hata huwezi kuhesabu, darasa la nne mtoto kakosa shule zaidi ya siku 80 mpaka familia ya kocha wake wa mpira wa Kimarekani ikamchukua akaishi nao. Lakini kwangu mi hiyo filamu ni ya yule baba na yule mwanae mfupi. LeBron ni mvua tu iliyowakuta njiani.

Kaka, mi siamini hizi hadithi. Vijana wanne wakali wa mji mzima wote waende shule moja ya Kikatoliki ya kulipia, hapo si shule imewanunua? Hata kwetu tunajua, UMISSETA ikikaribia tu ghafla kuna kijana mwenye ndevu anahamia kidato cha pili. (Mchambuzi wa vijiweni, Mwanza)

Umenichekesha, yule mwenye ndevu hata mi nilishakutana naye, alikuja mechini na mke wake.

Ila hapa umepotea kaka, na ukiijua habari yenyewe utaipenda zaidi. Chanzo cha yote ni ufupi wa mtu mmoja.

Mwaka 1999 wamemaliza darasa la nane, wamefika fainali ya taifa ya AAU, mashindano ya timu za vijana za nje ya shule, kule Orlando, Florida, wanacheza na timu ya Southern California All-Stars, wakubwa wenye miili. Wamefungwa 68 kwa 66. Shuti la mwisho alipiga LeBron kutoka mbali, mpira ukazunguka rimu ukatoka. Wakalia. Wakaapa watabaki pamoja sekondari wachukue ubingwa wa taifa huko, na mji mzima ulishajua wanaenda wapi, Buchtel, shule ya serikali, shule ya watoto weusi wa Akron, yenye jina kwenye michezo. Tena Kocha Dru mwenyewe alishapewa ukocha msaidizi pale Buchtel, na kila mtu alielewa kwa nini kapewa, aje na vijana wake.

Sasa Little Dru, ana futi tano na kidogo, anajipigia hesabu zake kimya kimya. Anaona kabisa Buchtel watamchukua LeBron, watamchukua Sian, yeye watamtupa timu ya watoto kwa sababu ya kimo. Na kuna kocha mmoja mzungu, Keith Dambrot, alikuwa anafundisha basketi kila Jumapili kwenye kituo cha jamii ya Wayahudi pale mjini, Little Dru alikuwa anaenda, na Dambrot hakujali kimo, alimwona mtoto anavyofikiri akiwa na mpira. Huyo Dambrot ndo kapewa timu ya St. Vincent-St. Mary, hiyo ya Kikatoliki. (Na yeye alikuwa na doa lake, mwaka 1993 alifukuzwa ukocha chuo cha Central Michigan kwa kutumia neno la kibaguzi, baada ya hapo akawa anauza hisa. Kwa hiyo fikiria wazazi weusi wa Akron wanavyokuna vichwa.)

Basi dogo akamfuata baba yake akamwambia, mi Buchtel siendi. Ebu jiweke kwenye hicho kiti cha baba. Una kazi pale. Umeshaahidi watu. Na anayekukatalia ni mwanao wa miaka kumi na nne ambaye hafiki hata begani kwako. Mzee angeweza kusema kwenye nyumba hii natawala mimi, na kwetu wengi tungesema. Hakusema. Sian akafuata, Willie akafuata, LeBron akaona bora awe na wenzake, mzee naye akaacha Buchtel akaenda kuwa msaidizi wa Dambrot. Mtaani walitukanwa, wakaitwa wasaliti, kwamba wamewapelekea wazungu kipaji chao.

Kwa hiyo kama kuna mtu alinunua wachezaji pale, ni yule mfupi kuliko wote, na hakutoa hata senti.

Mwaka wa kwanza hawakufungwa hata mechi moja, 27 kwa sifuri. Fainali ya jimbo wanacheza na Greeneview, Little Dru anaingia kutoka benchi, anapiga thrii pointi saba. Karusha ngapi? Saba. Hapo ndo mahali ninaporudisha nyuma kila mwaka, sura ya baba yake kwenye benchi na ule mpira wa saba.

Habari mwalimu. Nina kijana wa miaka 12 na binti wa 9, tunaweza kuangalia pamoja sebuleni bila kukimbilia rimoti? (Mama wa wawili, Kisumu)

Mnaweza mama, hakuna uchi na hakuna bunduki. Kuna habari za wazazi waliopotelea kwenye madawa na za watoto kukosa pa kulala, hizo binti atauliza, jiandae kumjibu. Haifiki saa mbili.

Mzee wa kiwanja, nasikia LeBron alifungiwa akiwa shule kisa gari. Ni kweli au ni maneno ya Tiktoki? (Namba 7, Tabora)

Nusu kweli. Gari lilikuwepo, Hummer H2, mama yake alimpa alipofikisha miaka 18, na watu wakashtuka kwa sababu Gloria hakuwa na hela ya Hummer. Chama cha michezo cha sekondari za Ohio wakachunguza, wakakuta alikopa benki, na benki iliona mwanae atakuja kuwa nani ikakopesha bila presha. Wakamwachia.

Afu siku chache baadaye wakamnasa kwa kitu kidogo kuliko hicho. Duka moja pale Cleveland lilimpa jezi mbili za wachezaji wa zamani, Wes Unseld na Gale Sayers, bei yake jumla dola 845, yeye akapiga picha ya kubandikwa dukani. Kwa sheria zao mwanafunzi hatakiwi kupewa kitu cha namna hiyo kwa sababu ya jina lake la michezo. Tarehe 31 Januari 2003 wakamfungia msimu wote uliobaki. Kesi ikaenda mahakamani, jaji akaipunguza ikawa mechi mbili, moja ilishachezwa ikageuzwa kuwa ya kupoteza, ndo maana rekodi yao mwaka ule ni 25 kwa 1 na hiyo moja hawakufungwa kiwanjani.

Sasa utamu uko wapi. Kuna mechi moja ilibidi wacheze bila yeye, yuko pembeni na nguo za kawaida, dhidi ya Canton McKinley. Nchi nzima inasubiri waanguke waseme si tuliwaambia ni timu ya mtu mmoja. Wakashinda kwa pointi moja. Pointi moja kaka! Mi hiyo mechi naiheshimu kuliko ile aliyorudi LeBron tarehe 8 Februari kule Trenton, New Jersey, dhidi ya Westchester ya Los Angeles, akafunga 52, na Westchester wote kwa ujumla wao wakafunga 52. Mechi iliisha 78 kwa 52. Hiyo ya 52 kila mtu anaijua. Ile ya pointi moja muulize mtu yeyote kijiweni uone.

Na nikuulize we namba 7, shule wanajaza ukumbi wa chuo kikuu cha Akron kwa sababu ukumbi wao hautoshi, mechi zinauzwa kwenye kebo watu wanalipia kuangalia watoto, gazeti la Sports Illustrated limemweka mbele tarehe 18 Februari 2002 akiwa bado darasa la kumi na moja, kila mtu anakula, afu mtoto anakuja kufungiwa kwa jezi mbili. Mi nikifika hapo huwa nasimama naenda kunywa maji.

Umesema kwenye toleo lililopita kwamba kipande bora cha filamu ni walipofungwa. Mbona unapenda huzuni kaka? Walifungwaje watu wana LeBron? (Dada wa Kigamboni)

Sipendi huzuni dada, napenda ukweli, na timu ikishinda haisemi ukweli.

Baada ya mataji mawili ya jimbo, 2000 na 2001, Dambrot kaondoka. Kapata kazi chuo kikuu cha Akron, kazi aliyokuwa anaitamani toka afukuzwe. Vijana walijua atakaa nao mpaka mwisho, wakaumia, wakaona wametumika kama ngazi. Kocha Dru akapewa timu. Msaidizi, mtu aliyejifunza mpira huu vitabuni, anarithi timu inayoangaliwa na Marekani nzima. Akishinda watasema na LeBron nani hashindi, akifungwa watasema ni yeye.

Na vijana nao walishaota mapembe. Lile gazeti lilitoka Februari, kila mji wanaoingia kuna foleni ya watu wanataka saini, mazoezini mzee anaongea wao wanatazamana. Ratiba pia ilikuwa ngumu, walishafungwa mechi kadhaa msimu huo. Wakafika fainali ya jimbo Machi 2002 na Roger Bacon ya Cincinnati, timu ambayo walishaifunga mwanzo wa msimu, kwa hiyo vichwani mwao mechi ilishakwisha kabla haijaanza. LeBron mgongo unamuuma. Wakafungwa 71 kwa 66.

Pale kwenye filamu Kocha Dru anajilaumu mwenyewe. Anakiri kwamba alihangaika mno na kushinda akasahau kuwalea, na kwa mwanae alikuwa mkali kupita kiasi, kila kosa la timu linamwangukia Little Dru kwa sababu ndo anayerudi naye nyumbani kwenye gari moja. Mi nimecheza, dada, na nimefundishwa na mtu wa damu yangu, najua lile gari. Unakaa kiti cha mbele, redio imezimwa, unaomba taa ziwe kijani zote.

Mwaka wa mwisho ndo wakarudi wamenyooka. Desemba 2002 walikutana na Oak Hill Academy, shule iliyokuwa namba moja nchini, mechi ikarushwa na televisheni ya michezo ya ESPN2, wakaipiga 65 kwa 45. Wakaja kuchukua jimbo Machi 2003 kwa kumfunga Archbishop Alter 40 kwa 36, ndiyo, arobaini, maana wenzao waliushika mpira wanapasiana tu kuua saa, mechi ya kuchosha macho. Na gazeti la USA Today likawaweka namba moja ya taifa. Kiapo cha Orlando hicho, miaka minne baadaye.

Niliona muvi inaitwa Shooting Stars ya mwaka 2023. Ndo hiyo hiyo? (Mtazamaji, Nakuru)

Hapana. Hiyo ya 2023 ni ya kuigiza, waigizaji wanacheza wao, Caleb McLaughlin yule dogo wa Stranger Things kacheza Little Dru, Wood Harris kacheza Kocha Dru. Habari ni ileile. Anza na ya kweli, ya kuigiza uiangalie ukiwa unapasi nguo.

Anko, nimeambiwa LeBron na Steph Curry, yule nyota mwingine wa NBA, wamezaliwa hospitali moja. Nimeweka dau la soda. Na huo mji una nini mpaka watoke wawili? (Kijana wa Sakina, Arusha)

Kanywe soda yako. Wote wamezaliwa Akron na hospitali ileile, LeBron Desemba 1984, Curry Machi 1988, baba yake Dell Curry alikuwa anachezea timu ya Cleveland ya NBA wakati huo. Curry akakulia kwingine.

Ule mji una nini? Una matairi, mdogo wangu. Goodyear ni ya Akron. Firestone ilizaliwa Akron. Na we wa Arusha hii usiisahau, General Tire nayo ilianzishwa Akron mwaka 1915, jina lile lile lililokuwa kwenye geti la kiwanda chenu pale Njiro. Babu zenu walikuwa wanavaa ovaroli zenye jina la kutoka kwa kina LeBron na hawakujua. Viwanda vya kule vilipopungua, kazi zikapungua, na hao watoto walikulia kwenye mji wa aina hiyo, waulize wazee wa Njiro watakueleza unakuwaje.

Wewe ni timu LeBron tu sema ukweli. Hiyo si dokumentari, ni tangazo la biashara, na watu wake mwenyewe wamo kwenye kuitengeneza. Jordan hakuhitaji haya. (Mzee wa Bulls, Mombasa)

Jordan ana dokumentari ya vipande kumi mzee wangu, tuanzie hapo.

Ila shutuma yako ina nyama, siikimbii. Maverick Carter, rafiki na mshirika wake, alicheza nao mwaka wa kwanza pale shuleni na ni miongoni mwa watayarishaji. Filamu ina sukari. Muziki unapanda kila mahali unapotakiwa ulie. Gloria anazungumziwa vizuri lakini hapewi nafasi ya kutosha, na swali la nani alikuwa anatajirika na wale watoto linaguswa kwa ncha ya kidole. Mwezi Mei 2003 huyo kijana kasaini Nike dola milioni 90 kabla hajagusa mpira wa NBA, Juni, NBA walipogawana wachezaji wapya, kachaguliwa namba moja na timu ya Cleveland, na ile fedha ilikuwa inanukia humo shuleni muda wote, filamu inajifanya haisikii harufu. Hapo nakupa pointi zako.

Lakini tangazo la LeBron lisingempa Little Dru zile dakika zote. Lisingemwacha Romeo aseme waziwazi kwamba alikuja pale hana rafiki na hakutaka rafiki. Nenda kaitazame tena, hesabu ni nani anaongea.

Kaka hao wengine wako wapi sasa? Au ndo wale wa kusema "nilicheza na LeBron" baa? (Msomaji wa Kinondoni)

Hahaha, hapana, wamesimama. Little Dru na Romeo walienda chuo kikuu cha Akron, na nani akawa kocha wao pale? Dambrot. Yule yule aliyewaacha. Walimsamehe, au walielewa, mi sijui tofauti yake. Romeo akawa mchezaji bora wa kanda yao mwaka 2007, wote wawili wakacheza basketi ya kulipwa nje ya Marekani miaka mingi. Sian alienda Ohio State kucheza mpira wa Kimarekani. Willie McGee akaja kuwa mkuu wa michezo pale pale St. Vincent-St. Mary, shule aliyosoma, na kiwanja chao sasa hivi kina jina la LeBron.

Afu sikiliza hii. Machi 2024 Dambrot alikuwa anafundisha chuo cha Duquesne, Pittsburgh, akawapeleka mashindano makubwa ya vyuo ambayo hawakuwa wameingia toka 1977, wakakitoa chuo cha BYU, kisha akastaafu. Aliyekuwa msaidizi wake akapewa timu. Msaidizi huyo ni Dru Joyce wa tatu. Yule wa futi tano.

Mwalimu, shikamoo. Mimi nafundisha timu ya basketi ya sekondari hapa Dodoma. Nina kijana wa miaka 15 ni mrefu balaa, watu wameanza kuniambia ni Thabeet mpya. Tatizo wenzake wamechoka. Hawampasii, na wakimpasia wanasimama wanaangalia. Juzi tumefungwa na timu ambayo haina hata jezi, na Jumamosi tunacheza nao tena. Nifanyeje? (Mwalimu wa michezo, Dodoma)

Marahaba mwalimu mwenzangu, barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza hilo la Thabeet waambie wapunguze. Hasheem alianza basketi ana miaka kama 15, akasoma Makongo, akaenda Marekani, akapita chuo cha Connecticut, mwaka 2009 akachaguliwa namba mbili kuingia NBA, mbele ya Curry, mtoto wa Dar es Salaam namba mbili! Ni jambo kubwa kuliko tunavyolikumbuka. Ila kile kimo kilimfanya kila mtu awe na ratiba yake kichwani, na alipofika kule wengine wakakasirika kwamba hajawa kile walichokiota wao. Kijana wako wa miaka 15 usimwanzishie hilo deni sasa hivi.

Pili nikupe la kwangu. Nilipokuwa shule tulikuwa na mrefu wetu, mwalimu wetu wa michezo alimpenda mno, sare mpya anapata yeye, safarini kiti cha mbele ni chake, tukifungwa tunafokewa sisi. Tulichofanya hakuna aliyekipanga. Tulianza tu kumpasia kwa kuchelewa, sekunde moja hivi, mabeki wanakuwa wameshafika. Kutoka nje huwezi kuona. Mwalimu alidhani mrefu wetu kashuka kiwango. Kwa hiyo usiangalie kama wanampasia, angalia wanampasia lini.

Mi ningekuwa wewe ningefanya hivi, wiki nzima mazoezi ya kushambulia yaanze kwa mwingine. Lazima una mfupi mmoja pale, kila timu inaye, anayeongea sana na anajua kila mtu asimame wapi, na pengine umemweka benchi kwa sababu ya kimo. Mpe mpira yeye. Mrefu aweke ukuta, yaani asimame amzibe beki, mfupi arushe kutoka nje, na akikosa usimtoe, akikosa tena usimtoe. Mrefu ataona kwamba kazi yake inamlisha mtu, wengine wataona kwamba mpira unaweza kufika kwao. Na kiti cha mbele kwenye basi kaa mwenyewe.

Umesema Jumamosi mnacheza na wale wale wasio na jezi. Nitumie meseji jioni uniambie yule mfupi karusha ngapi na zimeingia ngapi, hata kama ni moja.